Anzeni na Giza: maneno kwa wanaotaka kuwasha taa bustanini

Ndugu zangu, habari za jioni. Kabla sijaanza, namwomba aliyekaa karibu na swichi azime taa za ukumbi huu. Zote, pamoja na hii inayonimulika mimi. Ahsante. Na wenye simu, zigeuzeni kifudifudi. Nitaongea gizani kwa muda wa nusu saa hivi. Sina picha za kuwaonyesha, na nilichokuja kuwaonyesha hakionekani taa zikiwaka.

Sasa hivi hamnioni. Mnasikia sauti tu, na pengine mwenzako amekukanyaga akitafuta kiti. Vumilieni. Mboni za macho yenu zimeanza kupanuka tangu swichi ilipozimwa, na kazi hiyo huisha upesi. Ila mboni hata ikipanuka kabisa, kutoka milimita mbili hadi saba hivi, haiongezi mwanga sana. Kazi kubwa inafanyika nyuma ya jicho, kwenye chembe zile zinazoona usiku. Zina rangi yake ya kemikali ambayo mwanga mkali huiunguza, nayo hujijenga upya polepole: dakika ishirini, thelathini, kwa wengine zaidi. Mtu akifungua mlango sasa na kumulika tochi usoni mwetu, sote tunaanza upya. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu karibu kila kosa la taa za bustani linatokana nalo.

Jua la adhuhuri hutupa juu ya ardhi mwanga wa kama luksi 100,000; luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Mwezi mpevu, ule ambao watu huweza kutembea nao njiani bila kujikwaa, hautoi hata luksi moja. Ni sehemu tu ya luksi, kama 0.3 ukijitahidi. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ya mara laki tatu na ushei, na jicho ni lile lile. Linawezaje? Halipimi. Linalinganisha. Mshumaa mchana hauna kazi. Mshumaa huo huo ukiwekwa chini ya mti usiku wa giza totoro utaonekana kutoka mwisho wa shamba. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Bustani yangu inahitaji taa ngapi?" mimi humuuliza kwanza una giza kiasi gani. Giza ndilo karatasi tunayochorea. Ukiipaka karatasi yote wino, utachora nini tena?

Hilo nililijua kwa kuchelewa. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa bustani yenye miti saba mikubwa, njia ya mawe na bwawa dogo. Nilikuwa kijana, nimetoka kwenye kazi ya kufunga umeme majumbani, na nilidhani kazi nzuri ni kazi inayoonekana. Nikaweka taa zaidi ya arobaini. Kila mti ukapata taa mbili, kila kichaka chake, njia ikapigwa mstari wa taa kushoto na kulia kama uwanja wa ndege. Usiku wa kuwasha, watu walipiga makofi. Wiki mbili baadaye nikapita pale jioni, nikakuta mwenye nyumba amekaa kibarazani na taa zote amezima. Hakunikaripia. Alisema tu, "Zikiwaka najihisi niko kituo cha mafuta." Nilirudi siku iliyofuata na koleo, nikaanza kung'oa. Nilipofikisha taa kumi na mbili zilizobaki, akaniambia niache hapo hapo.

Kuna mtu aliyelitambua jambo hili mapema kuliko wengi. Mbunifu wa majengo Philip Johnson alijijengea nyumba huko New Canaan, Connecticut, Marekani, ikakamilika mwaka 1949. Kuta zake zote ni vioo, na mchana unaona miti pande zote kana kwamba umeketi msituni. Usiku ukiingia na taa za ndani zikiwaka, vioo viligeuka vioo vya kujitazamia: nje haionekani, unajiona mwenyewe umekaa kwenye kiti, pande nne. Aliyeitwa kuutatua mkasa huo ni Richard Kelly, mtaalamu wa taa. Hakuongeza taa ndani. Alipunguza za ndani, akawasha miti na majani ya nje. Nje ilipong'aa kuliko ndani, kioo kikawa dirisha tena na nyumba ikapata upana wa uwanja mzima.

Nawaomba mlichukue hilo nyumbani leo hii hii, maana halina gharama. Wengi wenu mnaitazama bustani kutoka sebuleni, mkiwa mmekaa. Kama taa ya sebule ni kali, kila mlichokiwasha nje kimepotea bure. Simama dirishani usiku, punguza mwanga wa ndani, kisha ndipo uamue nje panahitaji nini.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kiswahili chetu kina neno *angaza*, na neno hilo lina pande mbili: kutoa mwanga, na kukaza macho kutazama. Wahenga waliposema "mwangaza mbili moja humponyoka" walimkusudia mtazamaji, yule anayekodolea vitu viwili kwa mpigo. Mimi naliona kuwa ni somo la kwanza la fani yetu. Ukisimama mahali unapokaa jioni, chagua kitu kimoja kiwe ndicho kinachoita jicho. Mti wenye shina lililopinda, mwamba, ukuta wa mawe, chochote. Kipe mwanga mwingi kuliko jirani zake. Kikiwa na mwanga mara tatu ya vilivyokizunguka, jicho litakitambua. Kikifika mara kumi, kitatawala. Vitu vingine vipate kidogo, vingi visipate kabisa. Na pawepo kitu hafifu nyuma kabisa, kwenye ua au mwisho wa kiwanja, ili jicho lijue bustani inaishia wapi. Bila hicho, mti wako uliowaka unaelea kama picha iliyobandikwa kwenye kaniki.

Kosa linalofuata ni la kuonyesha taa yenyewe. Tunataka kuona kinachomulikwa, siyo kinachomulika. Balbu tupu ikionekana, hata ya wati tatu, jicho linaikimbilia, mboni inajibana, na kila kitu kingine kinazama. Kwa hiyo taa ifichwe nyuma ya jiwe, ndani ya kichaka, juu ya tawi. Iwe na kofia au wavu wa kuzuia mwanga wa pembeni. Na ukishaifunga uzunguke bustani yote usiku, ukae kwenye kila kiti, upande kila ngazi, uhakikishe hakuna mahali inapokuchoma macho. Wanaokuja kutoka upande wa pili wa njia nao wana macho.

Na hapa niseme neno kuhusu mulika mwizi, zile taa kali zinazofungwa juu ya ukuta zikitazama nje. Najua tunazipenda. Lakini jaribuni kusimama mbele yake usiku: huoni chochote nyuma yake, na kivuli inachokitupa pembeni ni cheusi kuliko giza la kawaida, kwa sababu jicho lako limeshafungwa na ule mwali. Mwizi akisimama mita mbili kando ya taa hiyo, hayupo. Mwanga hafifu uliosambaa, unaotazama chini, unamfichua mtu vizuri zaidi kwa kuwa haumpi kivuli cha kujificha. Ukihitaji taa kali, iwe na sensa ya mwendo, iwake mtu anapopita na izime.

Turudi kwenye miti, maana hapo ndipo raha ya kazi hii ilipo na ningeweza kuongea hadi asubuhi.

Mti hupokea mwanga kwa namna nyingi, na kila namna inaufanya mti mwingine. Taa ikiwekwa chini karibu kabisa na shina, ikatazama juu, mwanga unalamba gome. Kila mkunjo na kovu linatupa kivuli, na mti mzee unaonekana uzee wake. Isogeze mita moja na nusu nje, gome linalainika na sasa unaona matawi yanavyogawanyika. Isogeze nje ya mwavuli wa majani, itawasha majani kwa mbele kama ukuta, na mti unakuwa bapa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofungwa na wengi. Mti wenye majani mazito, yasiyopitisha mwanga, ni bora umulikwe kwa nje. Wenye majani mepesi umulikwe kutoka ndani, chini ya mwavuli wake, hadi majani yenyewe yang'ae kama karatasi ya taa.

Taa mbili kwa mti mmoja zisiwe na nguvu sawa. Moja iwe kubwa, nyingine ndogo upande wa pili, ili upande mmoja ubaki na kivuli. Uso usio na kivuli hauna umbo, na mti ni hivyo hivyo.

Kuna na upana wa mwali. Balbu hizi huandikwa nyuzi, yaani pembe ambayo mwali unafunguka: 12, 24, 36, 60. Hesabu yake si ngumu. Taa ya nyuzi 36 ikifika umbali wa mita 6 inafunika duara la kama mita 3.9, ya nyuzi 12 kwa umbali huo huo inafunika mita 1.3 tu. Mti mrefu mwembamba kama mnazi unataka mwali mwembamba unaopanda na shina hadi kwenye makuti. Ukiupa nyuzi 60, mwanga mwingi unapita kando na kwenda angani bila kugusa kitu. Kumbukeni pia kwamba umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo, siyo nusu. Ndiyo maana taa inayoupendeza mche wa mita mbili inaonekana imekufa mti ukifika mita sita.

Namna ninayoipenda mimi kuliko zote ni kutundika taa juu. Unapanda mti mkubwa, mita nane au kumi, unafunga taa ndogo mbili tatu zinazotazama chini kupitia matawi. Mwanga unashuka, majani yanaukata vipande, na ardhini panakuwa na madoa ya nuru na vivuli vinavyocheza upepo ukipita. Mgeni atakwambia, "Leo mbalamwezi nzuri," na kumbe ni mwezi mchanga. Ila uwe mpole na mti. Usiuzungushie waya wala mkanda wa chuma. Mti unanenepa, na baada ya miaka michache utakuwa umeunyonga. Tumia skrubu chache za chuma kisichoshika kutu, acha nafasi kati ya taa na gome, acha na waya uliolegea, na urudi kila mwaka kuzilegeza.

Mmea wenye umbo kali, wenye majani kama mikuki, usiuwashe kabisa. Washa ukuta ulio nyuma yake. Mmea unabaki mweusi mbele ya ukuta unaong'aa, na umbo lake linasomeka kama maandishi. Ukuta wa mawe, kwa upande wake, unataka taa iliyoukaribia, sentimita 20 au 30, ili mwanga upite ukikwaruza na kila jiwe litokeze. Ukuta wa plasta uliopigwa vibaya usijaribu hivyo. Utafichua kila aibu ya fundi.

Maji yaliyotulia yaacheni. Nimeshaona watu wakizamisha taa kwenye bwawa, na kilichoonekana ni tope, majani yaliyooza na kebo. Bwawa la giza ni kioo: washa mti ulio ng'ambo yake na utapata miti miwili kwa taa moja. Maji yanayoanguka, hayo ndiyo ya kuwasha, taa iwe chini pale yanapopasukia, kwa sababu povu hushika mwanga.

Rangi. Inasimuliwa kwamba Jan Evangelista Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia aliyeishi miaka kama 200 iliyopita, alipenda kutembea alfajiri, na akaona kwamba maua mekundu yaliyowaka mchana huwa meusi kabla jua halijatoka, wakati majani ya kijani bado yanaonekana. Sababu ni zile zile chembe za usiku: haziuoni wekundu, zinavutwa na buluu na kijani. Ndiyo maana mwanga wa mwezi tunauona wa rangi ya samawati ingawa ni mwanga wa jua uliorudishwa. Kwa mpanda bustani, maana yake ni kwamba waridi jekundu halionekani usiku bila taa yake, lakini ua jeupe linaonekana hata kwa nyota. Mkabala na Taj Mahal, ng'ambo ya mto Yamuna, kuna bustani iitwayo Mehtab Bagh, yaani bustani ya mbalamwezi. Siku hizo hapakuwa na swichi. Kazi yote ilikuwa ya mwezi, maji na marumaru. Mkipanda asumini na maua mengine meupe kando ya njia, mmeshapunguza taa tatu.

Kwa balbu, rangi hupimwa kwa kelvini: namba ndogo ni mwanga wa manjano, kubwa ni mweupe wa kibuluu. Mshumaa uko chini ya 2,000, balbu ya zamani ya waya ni kama 2,700, jua la mchana ni kama 5,500. Mimi hutumia 2,700 karibu kila mahali, na sivuki 3,000. Balbu za 6,000 hufanya majani yaonekane kama ya plastiki na ngozi ya mtu kama ya mgonjwa. Taa zinazobadilika zambarau, pinki na kijani kibichi sina ugomvi nazo kwenye sherehe. Kwenye bustani ya kukaa kila siku, nimeombwa kuzitoa mara nyingi kuliko nilivyoombwa kuziweka.

Nyaya ni jambo ambalo mafundi wachanga hulidharau. Bustani nyingi hutumia transfoma inayoshusha umeme hadi volti 12, kwa usalama: jembe likikata kebo, hakuna anayekufa. Ila volti ndogo inataka mkondo mkubwa, na mkondo mkubwa unapotea njiani. Chukua taa kumi za wati 6 zilizo mwisho wa kebo ya mita 30. Hizo ni wati 60, yaani ampea 5. Kebo ya shaba ya milimita mraba 2.5, kwenda na kurudi, itakula kama volti 2.2. Umetuma 12, imefika chini ya 10. Taa za mwisho zitafifia, au zitawaka na kuzima kama zina kigugumizi, na fundi ataambiwa amenunua taa feki. Weka kebo ya milimita 6, upotevu unashuka chini ya volti moja. Au isogeze transfoma karibu na miti. Au gawa taa kwenye matawi mawili matatu ya kebo badala ya kuzipanga foleni. Au tumia mfumo wa volti 24, ambao kwa kebo ile ile asilimia inayopotea ni robo tu ya ile ya volti 12. Upande wa umeme mkubwa, kabla ya transfoma, pawe na kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, cha miliampea 30. Hilo halina mjadala.

Kwenye boksi la taa mtaona herufi IP na tarakimu mbili, zinazoonyesha taa inavyozuia vumbi na maji. IP44 inavumilia michirizi ya maji, kwa hiyo ni ya chini ya paa. IP65 inavumilia mpira wa kumwagilia. IP67 inaweza kuzama kwa muda mfupi, inafaa zile zinazofukiwa ardhini. Ya kukaa ndani ya maji siku zote ni IP68. Mimi nimeona taa nyingi zikifa kwenye maungio ya waya kuliko kwenye taa zenyewe. Ungio lililofungwa utepe peke yake halivuki msimu mmoja wa mvua. Tumieni viungio vyenye grisi ya kuzuia maji.

Mmoja wenu aliniuliza mlangoni kuhusu zile taa ndogo za sola za kuchomeka ardhini. Ni alama nzuri za kuonyesha njia inapopinda. Kumulika haziwezi, na chini ya mti hazipati jua la kutosha. Hazina dhambi.

Tusisahau kwamba bustani ina wenyewe usiku. Tulizoea kusema nondo wanapenda taa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofanywa kwa kamera za kasi, ulionyesha vingine: mdudu anayeruka huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga, kwa kuwa tangu zamani upande huo ulikuwa mbingu. Akiikaribia taa, anaigeuzia mgongo, anapinda, anazunguka, hawezi kutoka. Hajavutwa, amenaswa. Miti nayo: mwaka 1936 ilishaandikwa kwamba miti ya New York iliyo karibu na taa za barabarani ilichelewa kupukutisha majani kuliko wenzake. Na atlasi ya anga iliyotolewa mwaka 2016 ilikadiria kwamba theluthi moja ya watu duniani hawaioni tena Njia ya Maziwa, ule mkanda hafifu wa nyota unaokatiza anga. Taa zetu za bustani ni sehemu ndogo ya hayo, lakini ni sehemu iliyo mikononi mwetu: zitazame chini inapowezekana, ziwe hafifu, ziwe na saa ya kuzima. Saa nne usiku, wakati hakuna mtu kibarazani, mti hauna anayeutazama. Uacheni ulale.

Naam. Nusu saa imepita. Tazameni mlipo. Mnaniona? Mnaona mistari ya viti, mnaona mkono wangu nikiunyanyua. Hakuna aliyewasha kitu; ni mwanga tu unaopenya chini ya mlango, na tulipoingia gizani haukuwa na maana kwetu.

Sasa aliye dirishani afungue pazia. Nje kuna mti mmoja mkubwa na kiukuta cha mawe. Kwenye meza ya mlangoni nimeweka tochi nane, nimezifunika karatasi ya kahawia ili zisiwe kali. Tokeni watatu watatu, tochi moja kwa kila kundi. Mmoja ashike, mmoja arudi nyuma hatua ishirini atazame, wa tatu aandike. Anzeni kwa kuiweka tochi chini ya shina, kisha muisogeze nje polepole, na mtazamaji aseme "hapo" anapopapenda. Mwenye tochi asimmulike mwenzake usoni. Akikosea, kundi zima linarudi ndani kukaa gizani dakika ishirini nyingine.